Kijiti cha Mwaridi Nyuma ya Bafu

Niliiba. Kwa miaka sita, kila nilipoulizwa, nilisema nilinunua mche sokoni kwa mama mmoja kutoka Mbinga, na kila niliporudia uongo huo nilimwongezea yule mama kitu: mara kilemba cha kijani, mara mtoto mgongoni, mara pengo la jino la mbele. Mwishowe nilimfahamu kuliko baadhi ya shangazi zangu. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba hakuwahi kuwapo. Kijiti nilikikata mwenyewe, kwa kisu cha kumenyea viazi, Jumapili moja asubuhi, mtaa mzima ukiwa kwenye misa ya kwanza na mimi nikiwa nimewaambia nyumbani kwamba ningesali ya pili.

Niliyemwibia ni jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, hapa mtaani kwetu Lizaboni. Ni mkunga mstaafu, na kwa kuwa nusu ya mtaa aliipokea yeye mwenyewe kwa mikono yake, hakuna anayemwita kwa jina. Ni Mama Mkunga. Kando ya geti lake palikuwa na mwaridi mmoja, mkubwa, uliosimama bila kuegemea kitu. Waridi lake lilifunguka na rangi ya waridi kweli, siku ya pili likapauka, na siku ya tatu likawa jeupe, yeye mwenyewe alisema, kama shuka la wodi siku ya ukaguzi. Na lilinukia. Mawaridi mengi ya siku hizi yana sura tu. Hili ungelisikia ukiwa bado unatafuta chenji ya bodaboda.

Mumewe ndiye aliyeupanda mwaridi ule, miaka mingi kabla hajafa. Alizikwa kwao Nalasi, pembeni ya shamba la mikorosho ambalo sasa analilima mtoto wao wa kwanza. Kila mwaka, siku ya kuwaombea marehemu, tarehe mbili Novemba, Mama Mkunga alikuwa tayari ameshafika Nalasi na maua yaliyofungwa kwenye gazeti bichi na jani la mgomba. Alisafiri nayo kwenye basi yakiwa mapajani. "Yanafika yamechoka," alituambia, "lakini na mimi nafika nimechoka, kwa hiyo tunaelewana."

Hakuwa mchoyo. Ukimwomba kijiti alikukatia hapohapo, tena kirefu. Shida ni kwamba hakuna kijiti chake kilichowahi kushika kwa mtu. Wanawake wote wa jumuiya yetu ya sala walishajaribu. Hata fundi bomba mmoja alijaribu, na yule huotesha hata fimbo ya ufagio. Vijiti vilikauka vyote. Mama Mkunga alisikitika kwa midomo, lakini macho yake yalikuwa na sherehe ndogo.

"Langu halihami," alisema. "Linanijua."

Mimi niliomba mara tatu na kuua mara tatu. Na ni lazima niseme kwamba wakati huohuo nilikuwa mtu wa kuandika makala kuhusu bustani. Moja ilihusu subira ya mkulima, ndefu, yenye sentensi nzuri sana, niliyoiandika nikitazama dirishani mstari wa makopo yenye vijiti vikavu kama miswaki. Nikiwa na shahada mbili kabatini, nilifika kwenye jumuiya Jumamosi moja na kukiri kwamba cha tatu nacho kimekufa.

"Mwalimu, umekisomea vitabu?" akauliza mama mmoja anayeuza maandazi kona ya juu.

"Nimekisomea."

"Basi ndiyo maana. Kimechoka kusubiri umalize kusoma."

Wakacheka mpaka mwenyekiti wa jumuiya akalazimika kuanzisha wimbo.

Sasa nieleze tulikuwa tukikosea wapi, maana kosa letu lilikuwa moja, mtaa mzima, na lilikuwa kosa la watu waliolelewa vizuri. Sisi tumekua na muhogo. Mtoto wa huku kabla hajajua kusoma anajua kwamba miti ya muhogo ukishaikata huipandi siku hiyohiyo. Unaifunga mzigo, unaisimamisha kivulini, unaiacha siku kadhaa mpaka utomvu unyamaze, ndipo unakata pingili na kuzilaza kwenye tuta. Bibi yangu alikuwa akisema pingili ya muhogo haitaki pupa. Nami, pamoja na shahada zangu, na muuza maandazi pamoja na maneno yake, na fundi bomba, sote tulichukua kijiti cha mwaridi tukakiegemeza ukutani kivulini kwa heshima kubwa, tukakiacha juma zima kipumzike. Mama Mkunga mwenyewe alitusisitizia. "Kiache kwanza kipoe," alituambia kila mara akitukabidhi. Yeye naye hakuwahi kuotesha hata kimoja. Aliyepanda alikuwa marehemu.

Hakuna aliyejiuliza kama mwaridi ni muhogo. Sote tulijua namna ya kupanda kijiti, na nadhani hapo ndipo tulipopotea.

Kuomba mara ya nne niliona aibu. Ndipo nikaenda Jumapili ile na kisu cha viazi kwenye pindo la khanga. Nilikata kijiti kimoja tu, unene wa penseli, urefu wa kiganja na nusu, nikavuka barabara mbiombio kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Na hapo wizi ukaanza kunifundisha kilimo.

Kwanza, nisingeweza kukiegemeza kivulini juma zima. Mtu yeyote angeingia akakiona. Ilibidi kizikwe saa hiyohiyo, kabla majani yake hayajajua kwamba yamekatwa. Pili, nisingeweza kukiweka barazani. Nikakipeleka nyuma ya bafu, mahali ambapo mgeni mwenye adabu hafiki, ambapo jua huchungulia kidogo asubuhi na kuondoka, na ambapo maji ya bomba linalovuja hudondoka mchana kutwa. Palikuwa na ndoo iliyopasuka yenye mchanga uliobaki tulipojenga. Nikakichomeka humo, macho matatu ya kuchipulia chini ya mchanga na mawili juu, nikang'oa majani yote isipokuwa mawili ya kileleni. Tatu, kwa hofu kwamba hata hayo mawili yangeonekana, nikakata chupa kubwa ya maji katikati nikakifunika nayo, na juu yake nikaweka dekio.

Nilikuwa nakificha. Kumbe nilikuwa nakiuguza.

Baada ya wiki tano niliinua chupa nikakuta jicho moja limevimba na kutoa kitu chekundu, kidogo kama ulimi wa paka. Nikakivuta kijiti kwa vidole viwili, taratibu. Kikakataa kuja. Kama hujawahi kuvuta kijiti kikakataa kuja, sijui nikueleze vipi. Nilicheza pale nyuma ya bafu, mwanamke mzima, mwenye vitabu vya wanafunzi vya kusahihisha mezani, nikipunga dekio kama bendera. Mume wangu akauliza kutoka ndani kama kuna nyoka. Nikamwambia hapana, ni furaha tu. Nadhani angependelea nyoka.

Huku kwetu watu husema mmea wa kuomba hausiti kufa, wa kuiba ndio unaoshika. Nilikuwa nikilidharau neno hilo. Nikiwa chuoni ningeliita imani. Sasa nalielewa: mwizi hana nafasi ya kukosea kwa utulivu. Anapanda mara moja, anapanda gizani, anafunika, na haendi kuonyesha majirani kila siku kwa kukichomoa. Waombaji wote walikiua kijiti kwa kukipa heshima ya muhogo.

Nilipaswa kuvuka barabara siku ileile nikaseme. Sikuvuka. Kwanza nilitaka kiwe na majani. Halafu nikataka kiwe na ua. Lilipokuja ua, harufu ikapanda juu ya ukuta wa bafu, ikavuka barabara peke yake, ikaniwahi. Mama Mkunga akasimama getini kwangu, amefumba macho.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mwanangu, hiyo harufu naijua."

Na hapo ndipo alipozaliwa yule mama wa Mbinga, pale getini, pamoja na kilemba chake.

"Mbinga," Mama Mkunga akasema polepole. "Wana mawaridi Mbinga?"

"Tena mengi, Mama. Ile baridi yao."

Alinitazama kwa namna ambayo nadhani aliwatazama wasichana waliosema hawajui mimba imetoka wapi. Akaondoka. Kila mwaka aliuliza tena, mara moja au mbili, na kila mwaka nilimvika yule mama kitu kipya. Mwaridi wangu ukawa mkubwa kushinda ukuta. Nilikuwa mwenye bustani hatimaye, na sikuweza kumwalika mtu aione.

Mwaka jana mwishoni mwa kiangazi, mchwa waliuingia mwaridi wa Mama Mkunga kwa chini. Kwa juu ulionekana mzima mpaka wiki ya mwisho. Kisha majani yakalegea yote kwa siku moja, na kijana wake mdogo, anayeishi naye, alipoushika kwenye shina ukaja wote mkononi, mwepesi, umebaki ganda. Walichimba wakatafuta mzizi ulio hai. Hawakupata. Mama Mkunga alisimama getini na sepetu, na nilimwona kutoka dirishani akilijaza lile shimo yeye mwenyewe, akishindilia kwa mguu.

Ilikuwa katikati ya Oktoba. Siku ya marehemu ilipokaribia alinunua maua ya plastiki mjini akapanda nayo basi la Nalasi. Siku aliyosafiri, nyuma ya bafu langu palikuwa na mawaridi manne yamefunguka: moja la rangi, moja lililopauka na mawili meupe. Niliyahesabu mara kadhaa. Kutoka ndoo yangu hadi geti lake ni hatua sitini, na sikuzipiga. Katika yote niliyofanya, wizi, uongo, kilemba, pengo, hilo ndilo linalonitoa jasho mpaka leo.

Alirudi baada ya siku tatu. "Nimempelekea plastiki," alituambia kwenye jumuiya. "Nimemwambia avumilie." Hakuna aliyetania, hata muuza maandazi.

Siku ile nilirudi nyumbani nikachukua kisu kilekile cha viazi. Niliukata mwaridi wangu mpaka ukawa kama kuku aliyenyonyolewa. Nilipata vijiti kumi na viwili vizuri, nikavichomeka saa ileile, kwenye mchanga, nyuma ya bafu, kila kimoja na chupa yake. Chupa kumi na mbili zimepangwa pale. Mume wangu alipokwenda kuoga alirudi na kuniuliza kama tumeanza biashara ya maji.

Vikashika tisa. Kwa mtu aliyewahi kuua vitatu kati ya vitatu, niliona ni ushindi wa kutangazwa na mbiu ya mgambo. Lakini sikutangaza, maana sasa nilikuwa nimeelewa vizuri shida yangu. Kumpelekea Mama Mkunga mwaridi ni rahisi. Mawaridi yapo. Alichokuwa amepoteza ni ule mmoja, wa mkono wa mumewe, na duniani kote mtoto wake pekee alikuwa kwenye ndoo yangu. Nikimwambia nimeupata sokoni, nitakuwa nimempa ua tu. Ili uwe wake, ni lazima uwe wa wizi. Hati ya mmea ule ilikuwa aibu yangu, na bila kuitoa mmea haukuwa na thamani.

Wiki moja kabla ya Krismasi alikuwa anafunga safari ya Nalasi kukaa kwa mwanawe mpaka Pasaka. Nikachagua mche ulionona kuliko yote, nikauweka kwenye kopo la rangi, nikavuka barabara. Hatua sitini. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye utangulizi, lakini nilipofika na kusalimia, ikatoka sentensi moja.

"Mama, hakuna mama wa Mbinga. Niliiba kwako."

Alikuwa anakunja nguo. Hakuacha kukunja. Akautazama mche, akanitazama mimi, kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia hata kidogo. Alicheka.

"Wewe?"

"Mimi, Mama. Jumapili, misa ya kwanza."

"Mwanangu, wewe umeua vijiti vyangu vitatu nikiona kwa macho haya. Langu limewashinda watu wenye mikono. Lije likubali kwako?"

"Lilikubali. Nililiweka nyuma ya bafu."

"Nyuma ya bafu!" Akaita ndani, kwa mkwewe: "Njoo usikie! Mwalimu anasema ameniibia." Mkwewe akatoka, akasikiliza, akacheka naye.

Nikajikuta natetea wizi wangu kwa hasira. Nikataja kisu. Nikataja pindo la khanga, tawi la upande wa barabara, jicho la tatu. Miaka sita yeye alinishuku nami nikakana. Leo nakiri, na yeye anakana. Nilimwomba aje aone mwaridi mama, lakini ulikuwa umenyolewa wote, hauna hata ua moja la kutoa ushahidi.

"Una moyo mzuri," akasema hatimaye, kwa upole ulioniumiza kuliko kofi. "Umeona nasikitika, ukatafuta mche mahali, ukatunga hadithi ili nifurahi. Ninyi waandishi. Nitauchukua. Nitaupanda pale kaburini kwa mzee. Ukitoa maua, ua ndilo litakalosema. Si mimi wala wewe."

"Na likiwa lenyewe?"

"Likiwa lenyewe nitakupigia."

Akasafiri na kopo mapajani.

Januari mwaridi wangu ulichipua, Februari ukatoa maua, na ukayatoa sawasawa, rangi, mpauko, weupe. Ningempigia picha, lakini simu ya Mama Mkunga ni kitochi, haipokei kitu isipokuwa sauti, na hata ingepokea, harufu haipigwi picha. Nikasubiri. Jumuiya waliniona nimekuwa mtu wa kushika simu wakati wa rozari. "Mwalimu ana mchumba," akasema muuza maandazi. Nilijiona nikiomba kwa bidii kuthibitishwa kuwa mwizi, na nikaomba kwa majina ya watakatifu.

Hofu ilikuwepo. Ardhi ya Nalasi si hii yetu nyekundu, na mikorosho ina mchwa wake. Mche ukifa pale, basi nitabaki kuwa mwanamke mwenye moyo mzuri mpaka mwisho wa maisha yangu, na yeye atabaki na plastiki.

Jumatatu ya Pasaka nilikuwa natwanga karanga. Simu ikaita. Nikafuta mikono.

"Shikamoo, Mama."

"Mwizi!"

Hakuitikia marahaba. Alikuwa anapiga kelele kama wanavyofanya wenye kitochi, kana kwamba sauti inatembea kwa miguu kutoka Nalasi.

"Limefunguka, Mama?"

"Ijumaa Kuu lilikuwa la rangi. Nikasema mengi yana rangi, tusubiri. Jumamosi likapauka. Nikasema jua. Jana asubuhi kabla ya misa nimekwenda pale kwa mzee, jeupe. Shuka la wodi! Nimepiga magoti nikalinusa. Mwanangu, ni lenyewe. Umeniibia kweli."

"Nimekuibia, Mama," nikasema, na sauti yangu ikakatika kwa furaha kama ya mtu aliyepewa nishani. "Nisamehe."

"Nyamaza nikuambie. Kisu kilikuwa cha nini?"

"Cha viazi."

"Yeye alikuwa na cha kuchongea penseli."

Sikuelewa. Nikamuuliza yeye nani.

"Mzee! Alikwenda kutengeneza mabenchi kwa masista, misheni fulani huko. Akaliona bustanini kwao. Akaomba, akanyimwa. Akakata. Akaliviringisha kwenye soksi yake iliyolowa, akaja nalo kwa baiskeli, na akalichomeka hapo getini kabla hata hajavua kofia. Mimi nimesimama na chakula chake mkononi namwangalia. Tangu siku hiyo, kila anayeniuliza, nasema alipewa na sista mmoja mzee, mpole, mwenye miwani."

"Miwani uliiweka lini, Mama?"

Kisha nikamsikia akicheka, kicheko kirefu kilichokwaruza simu, na nyuma yake kuku wa Nalasi na mtu akiuliza kuna nini.

"Mwaka wa pili," akasema. "Ya fremu nyeusi."

Tukacheka mpaka nikakaa chini kando ya kinu. Alipopata pumzi akauliza imebaki miche mingapi. Nikamwambia minane. Akaniagiza mmoja niupande palepale getini kwake kabla hajarudi, nimwage na majivu dhidi ya mchwa, na iliyobaki niwagawie wanajumuiya, nikianza na yule wa maandazi, na niwakataze kabisa kuvikausha vijiti wakija kukata vyao.

"Wataniuliza nimejuaje, Mama."

"Waambie umefundishwa na yule mama wa Mbinga," akasema. "Yule mwenye pengo." Akakata simu.